Madoa ya Meza ya Tisa

Mwenyekiti,
Kamati ya Maadhimisho ya Miaka Arobaini ya Kinywaji cha Meza ya Tisa,
Ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na lifti mbovu.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MANENO MAWILI YA MWISHO KWENYE KIBAO

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako, pamoja na yule katibu wako ambaye wiki iliyopita alikuwa ameshika shavu kwa jino. Kwa umri wangu ningeweza kukuita mwanangu na usingekasirika. Lakini hii ni barua rasmi, kwa hiyo nitakuita Ndugu mwanzo mpaka mwisho, nawe uisome kama barua ya mtu usiyemjua.

Mimi ni mkuu mstaafu wa chumba cha kufulia cha hoteli yenu. Nilifanya kazi chini ya ngazi, kati ya matangi ya maji moto na meza za pasi, kwa miaka thelathini na minne. Wageni hawakuniona, nami sikuwalaumu, maana dobi akionekana ukumbini ujue kuna jambo limeharibika. Mume wangu ni huyo mnayemwita Profesa, mkuu mstaafu wa kaunta ya vinywaji. Jumamosi hii, saa kumi jioni, mtamsimamisha mbele ya watu, mtamvisha shada la maua, kisha mtafunua kibao cha shaba kilichoandikwa: "Hapa, miaka arobaini iliyopita, Profesa alibuni Meza ya Tisa, peke yake."

Naomba nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kinywaji chenyewe. Meza ya Tisa nakipenda kuliko vinywaji vyote nilivyowahi kutia mdomoni, na mimi si mtu wa kunywa. Kwanza chumvi inakushtua mdomoni kama mtu aliyekuita jina lako la utotoni. Halafu inakuja divai, halafu kahawa kwa nyuma, chungu, na unapoanza kujuta ndipo asali inapokufikia. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakinyamaza kwa glasi moja ya Meza ya Tisa. Kinastahili sherehe, na kinastahili shaba. Kisichostahili ni hayo maneno mawili, "peke yake", na hapa chini natoa ya moyoni kwa mpangilio, ili asiwepo wa kusema kwamba mama mkwe wa fulani amepandwa na hasira tu.

1. Kuhusu kijitabu chenu cha maadhimisho.

Nimekisoma mara tatu. Ukurasa wa tatu unasema Profesa alioteshwa kinywaji hiki usiku. Ukurasa wa saba unasema alifundishwa na msafiri aliyekosa treni, ambaye baadaye hakuonekana tena. Ukurasa wa kumi na moja unasema ni matunda ya utafiti wa miaka sita. Hata mkiamua kudanganya, Ndugu Mwenyekiti, kaeni kikao kimoja kwanza mkubaliane. Wakati kinywaji hiki kinazaliwa mume wangu alikuwa na miezi minne kazini, na utafiti pekee aliokuwa amefanya ni kujua bomba lipi linatoa maji baridi. Kuhusu ndoto, nimelala kando yake miaka thelathini na tisa. Anaota kitu kimoja tu: kwamba mteja anamwita. Huwa anapiga kelele, "Nakuja! Nakuja!" kisha anageuka upande wa pili na shuka lote.

2. Kuhusu asili halisi ya kinywaji.

Siku zile, kitambaa cha meza kilipochafuka hakikuteremshwa kwa dobi hivi hivi. Dobi ndiye aliyepanda ngazi. Alikiinamia kitambaa, akakitazama, akakinusa, akaandika kwenye kikaratasi kila doa lililopo, ukubwa wake na mahali lilipo, na chini akaandika namna ya kulitoa. Kikaratasi hicho kilibanwa kwa pini kwenye kitambaa, vikashuka pamoja. Kazi hiyo ya kusoma madoa ilikuwa yangu, na sijipigi kifua nikisema hapakuwa na wa kunifikia. Ningekutazama shati, Ndugu Mwenyekiti, nikakwambia ulikula wapi, na nani, na kama mliachana vizuri.

Sasa naomba usome kikaratasi hiki. Nimekinakili neno kwa neno, na chenyewe, kwa mwandiko wangu, kipo nyumbani, maana mume wangu alikitunza:

"Kitambaa cheupe, meza ya tisa. Divai nyekundu, kubwa, katikati. Kahawa, mara mbili. Wiski, harufu tu. Asali, matone matatu, upande wa dirisha. Maji ya nanasi, mkono wa kushoto. Nta ya mshumaa, kidogo, pembeni. Kitu kisichojulikana. Anza na chumvi na ndimu. Loweka dakika ishirini. Usisugue. Kamua kwa kitambaa safi. Weka kivulini."

Pumzika kidogo. Kunywa maji. Kisha tuendelee.

3. Kuhusu msumari.

Alhamisi ya kikaratasi hicho, saa tisa alasiri, nilipanda na beseni langu. Meza ya tisa ilikuwa nyuma ya nguzo, hatua nne kutoka kaunta, na naomba ieleweke kwamba meza ile ilikuwa balaa. Meza nyingine zilichafuka siku moja moja kama meza za watu. Ile ilichafuka kila Alhamisi bila kukosa, wiki kumi na moja mfululizo, utadhani watu walipigana juu yake. Wageni wake nilikuwa nimekwisha kuwachukia kabla ya kuwaona. Basi niliandika kikaratasi changu, nikakunja kitambaa, nikakuta pini yangu imepotea, beseni limejaa, mikono miwili haitoshi. Pale kwenye kaunta palikuwa na msumari ambao wahudumu walichomeka maagizo ya vinywaji. Nikakichomeka kikaratasi changu pale kwa muda tu, niteremshe beseni kisha nikirudie. Chini nikakuta tangi la maji moto limepasuka. Sikukirudia.

Hilo lilikuwa kosa langu na nalikiri. Lakini kosa lililozaa jambo jema lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana.

4. Kuhusu utii wa mume wangu.

Mume wangu, ambaye wakati huo hakuwa mume wangu bali kijana mwenye masikio makubwa aliyenisalimia kila nilipopita hata kama nimepita mara sita, alikikuta kikaratasi kwenye msumari. Mtu mwingine yeyote angeona neno "kitambaa" akajua si lake. Yeye alichukua glasi akaanza kazi. Akamimina divai, kubwa, katikati. Kahawa mara mbili. Palipoandikwa "wiski, harufu tu", akalowesha kidole akapaka ukingo wa glasi, jambo ambalo kijitabu chenu kinaliita "busu la wiski", Mungu awasamehe.

Asali akadondosha matone matatu akiwa amegeukia dirisha. Hadi leo kila mhudumu wa kaunta lazima ageukie dirisha, na mlipoihamishia kaunta kwenye ukumbi wa chini usio na dirisha, mlinunua pazia, mkalitundika kwenye ukuta mtupu ili watu wawe na pa kugeukia. Maji ya nanasi yanamiminwa kwa mkono wa kushoto. Nimeambiwa mwaka jana mlimfelisha binti mmoja kwenye mtihani wa kaunta kwa kutumia wa kulia. Nta ya mshumaa imekuwa mshumaa mzima unaowashwa kando ya glasi, na ukurasa wa tisa unasema unawakilisha matumaini. Unawakilisha nta, Ndugu Mwenyekiti. Ilitoka kwa pasi ya moto na karatasi ya kaki.

Mteja anasubirishwa dakika ishirini kwa sababu niliandika "loweka". Hakitikiswi kamwe kwa sababu niliandika "usisugue". Kinachujwa kwa leso nyeupe kwa sababu niliandika "kamua". Na mnakiuza kwenye kona ya giza, kwa bei ya kona ya giza, kwa sababu doa likipigwa na jua hukaza.

Mtu wa kwanza kukinywa ni mpima ardhi mmoja aliyekuja kuagiza soda. Yuko hai, anakaa nyuma ya stendi ya mizigo, na yuko tayari kutoa ushahidi mkimtumia gari. Anasema alimkuta mume wangu amesimama mbele ya glasi ameshika tama, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alipouliza hicho ni nini, mume wangu alisema hajui, lakini bado dakika nane. Mpima ardhi akasubiri naye. Akanywa. Akaagiza kingine, na kesho yake akaja na ofisi nzima.

4(b). Kuhusu ile siri.

Naona inastahili namba yake. Watu wanatoka mbali kujaribu kubahatisha kile kitu cha saba. Kijitabu kinasema ni Profesa peke yake anayekijua, na kwamba atakwenda nacho kaburini. Kikaratasi kinasema "kitu kisichojulikana" kwa sababu sikukijua. Yeye naye hakukijua, basi akatia chai iliyobaki kwenye kikombe chake. Ndiyo siri yenu ya miaka arobaini: mabaki ya chai ya mume wangu. Kila aliyewahi kunywa Meza ya Tisa hotelini kwenu amekunywa kikombe kimoja naye, na wengine ni watu wazito.

5. Kuhusu ushahidi kwamba hana uwezo wa kubuni.

Siku ya pili alishuka ngazi mpaka chumba cha kufulia, mara ya kwanza kwa mtu wa kaunta kufika kule, akasimama mlangoni akipata mvuke wa uso, akaniuliza kama ninaweza kumwandikia kikaratasi kingine. Wiki iliyofuata akaja tena. Nikamwandikia. Aliendelea kuja, nami nikaendelea kuandika, na hakuna hata kimoja kati ya vinywaji vile kilichonyweka. Kimoja kilikuwa na wino. Je, mbunifu huomba? Mwaka uliofuata tulioana, kwa hiyo nimeishi na ushahidi huu nyumba moja.

6. Kuhusu hali ilivyo nyumbani tangu mlipomletea barua yenu.

Amevimba kichwa. Anakunywa uji akiwa amevaa tai ya kipepeo. Nikimwomba akoroge mboga jikoni anasema yeye hatikisi wala hakorogi. Jumapili wakwe zetu walipokuja, alisimulia habari ya msafiri aliyekosa treni, na safari hii msafiri alikuwa na jicho moja. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, na sahani mkononi. Nilimtazama anitaje, hata kwa jina la mtu aliyekuwa akipita na beseni. Hakunitaja. Mkwe wetu akauliza, "Na mama wakati huo ulikuwa wapi?" Akajibu yeye, akisema nilikuwa chini.

Ni kweli nilikuwa chini. Lakini iliniuma, Ndugu Mwenyekiti, sitakuficha. Nimeosha vitambaa vya hoteli hiyo mpaka alama za vidole vyangu zimefutika, na mashine ya kitambulisho hainitambui. Sikuwahi kuomba shada. Ningependa tu watu wajue kwamba kule chini nako palikuwa na kichwa kinachofikiri.

7. Kuhusu haki ya kitambaa.

Hapa ndipo napenda kuonyesha kwamba sidai kwa ubinafsi. Nimeitafakari kazi yangu bila upendeleo. Mimi sikubuni madoa, niliyasoma. Maandishi ya mwanzo kabisa ya Meza ya Tisa hayakuwa kikaratasi, yalikuwa kitambaa, na mimi nikaenda nikayafuta kwa chumvi na ndimu, na kwa bahati mbaya nilikuwa hodari. Hata hivyo kitambaa kipo. Nilipewa siku ya kustaafu pamoja na pasi. Ukikiinua kwenye mwanga utaona bado duara jembamba la kahawa karibu na pindo.

Kwa hiyo naomba Jumamosi kitambaa kiwekewe kiti meza kuu. Kiti chenye mgongo, maana nitakuwa nimekitia wanga na hakipendi kuegemea. Kihudumiwe glasi yake, iwekwe mbele yake, isimwagike. Hotuba zote zianze kwa kukitaja kabla ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi akiuliza, aambiwe kitambaa kina miaka mingi hotelini kuliko yeye madarakani.

8. Kuhusu wamwagaji.

Lakini hata kitambaa hakikujichafua. Nimekesha na jambo hili na sioni pa kukwepea: kama mwandishi wa kikaratasi ana haki kuliko aliyekitii, na kitambaa kina haki kuliko mwandishi, basi wenye haki kupita wote ni wale waliomwaga. Hao ndio wabunifu halali wa Meza ya Tisa, na miaka arobaini hakuna aliyewatafuta.

Mimi ninaweza kuwaeleza, kwa sababu nilisoma mikono yao. Walikuwa saba. Aliyemwaga divai ni mtu mwenye cheo, aliyezoea wengine wapanguse. Wa kahawa alikuwa na wasiwasi. Aliinua kikombe na kukiweka, akakiinua tena, kama mtu anayetaka kusema neno na linamkwama. Wa wiski alikuwa mlevi mwenye aibu. Wa nanasi alitumia mkono wa kushoto. Wa nta alikaa muda mrefu kuliko wengine, akichezea mshumaa, bila haraka ya kwenda popote. Wa kitu kisichojulikana alikuwa mwongo. Na wa asali, huyu simsahau, alikuwa anapenda. Matone matatu yamenyooka mstari mmoja kuelekea ngazi, ya mtu aliyeshika kijiko huku macho yako kwingine kabisa. Nilimwonea huruma nilipokuwa nikilitoa doa lake. Nilimwombea apate.

Basi madai yangu ni haya. Kibao kisitishwe. Tangazo litolewe gazetini kuwaita watu saba waliokaa meza ya tisa Alhamisi ile. Wakijitokeza wengi, maana penye shada la maua hawatakosekana matapeli, kila mmoja apewe kikombe na kitambaa cheupe, amwage mbele yangu, nami nitawatambua. Wakipatikana, majina yao saba yachongwe juu, kitambaa chini yao, mimi chini ya kitambaa, na mume wangu mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kama "aliyekuwepo". Shaba isipotosha, nunueni nyingine.

Msipofanya hivyo kufikia Jumamosi saa tisa na nusu, nitakuja mwenyewe na kiti changu, nitakaa mbele ya kibao, na mtalazimika kunifunua mimi.

Namaliza nikikutakia kazi njema. Mpe pole katibu kwa jino. Mwambie asukutue kwa maji ya chumvi, na asisugue. Wasalimie wapishi, walinzi wa lango, mabinti wa mapokezi, na hao waliopo sasa hivi chini ya ngazi, ambao natumaini mmewarekebishia tangi. Msalimie na yule binti mliyemfelisha kwa ajili ya mkono wa kulia. Mwambie hakukosea kitu.

Wenu katika haki na usafi,

Mkuu Mstaafu wa Chumba cha Kufulia

Nakala kwa:
Mhariri wa gazeti, ukurasa wa barua.
Fundi anayechonga kibao (asimame kwanza).
Mpima ardhi.
Mume wangu, kwa kuwekewa chini ya sahani.

N.B. Nakala ya mhariri imekwisha kwenda, lakini barua hii yenyewe nilikuwa sijaipeleka posta, na naona niongeze machache hapa chini.

Leo asubuhi mume wangu aliinua sahani akaikuta nakala yake. Aliisoma yote, kurasa zote, chai ikapoa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na majibu mpaka ya maswali ambayo hakuyauliza. Alipofika namba nane alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaniuliza kama katika miaka yangu yote ya kazi nimewahi kumwona mgeni, hata mmoja, amekaa meza ya tisa.

Nikamwambia ningewaonaje, na mimi nilikuwa chini.

Akasema hawakuwepo. Meza ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi, haikupangiwa mtu tangu alipoajiriwa. Alikuwa akiimwagia yeye. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, alichukua chochote kilichokuwa karibu akakimwaga pale, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba meza ikichafuka sana mimi hupanda ngazi mwenyewe, na doa likiwa gumu mimi hukaa pale muda mrefu zaidi. Ndiyo maana alichanganya. Divai tu ilinichukua dakika mbili. Madoa saba yalinichukua karibu robo saa, na robo saa nzima nilikuwa hatua nne kutoka kwake.

Nilimuuliza kwa nini basi alikichanganya kinywaji, na hali alijua fika kikaratasi kile ni cha madoa yake mwenyewe. Akasema ilikuwa karatasi ya kwanza yenye mwandiko wangu kufika mikononi mwake. Hakujua aifanyie nini. Akaona aitii.

Nilimuuliza habari za msafiri mwenye jicho moja. Akasema angewaambia nini wakwe zetu, kwamba alikuwa akiharibu mali ya hoteli kwa ajili ya dobi? Na wakati ule alikuwa na miezi minne kazini, hoteli ingemfukuza. Alianza na uongo mdogo kwa meneja, na uongo ukawa unakua mwaka hadi mwaka, akashindwa kuurudisha nyuma. Akasema pia kwamba kila alipousimulia alikuwa akinitazama mimi, akidhani nilikwisha kugundua zamani na namtunzia siri. Mimi, msomaji wa madoa asiye na mfano, niliyeona watu saba mahali palipokuwa na mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, vilikuwa vitambaa kumi na moja. Nilichubuka mikono. Nimemwambia hivyo, na nimemwambia kwa sauti ambayo jirani ameisikia. Ameomba radhi kwa kila kimoja, akihesabu.

Kwa hiyo, kwa mantiki yangu mwenyewe ya namba nane, ambayo siwezi kuikana kwa sababu nakala iko kwa mhariri, mmwagaji ndiye mwenye kinywaji, na mmwagaji ni yeye. Malalamiko yote yaliyotangulia nayaondoa. Kibao kibaki kama kilivyo. Hata hayo maneno "peke yake" yaacheni. Miezi ile alikuwa peke yake kweli, na mimi nilikuwa nikipita na beseni. Tangazo la gazetini msilitoe. Kiti cha kitambaa nipeni mimi, nikae karibu naye.

Nimeandika haya nikiwa sebuleni, yeye yuko uani anajifanya anamwagilia maua. Sasa hivi nimemimina kikombe kizima cha chai kwenye kitambaa cha meza yetu, makusudi, katikati, nikamwita aje aone. Anakuja mbio, na magoti yake yale.